Wateja wapo, hela haionekani: kutafuta ugonjwa wa biashara ndogo kabla ya kutafuta mtaji

Jumamosi moja, baada ya kikao cha kikundi chetu cha kuweka na kukopa, mwanachama mmoja alinivuta pembeni. Anatengeneza siagi ya karanga na kuiuza kwenye maduka ya Mbagala na Temeke, Dar es Salaam. "Dada, nisaidie nipate milioni mbili," akaniambia. "Wateja ninao, oda ninazo, kinachonikwamisha ni mtaji tu." Nikamuuliza kopo moja linamgharimu shilingi ngapi kulitengeneza. Akajibu bila kusita: "Elfu moja mia tisa." Anauza elfu tatu. Kwa hesabu hiyo kila kopo lilikuwa linampa elfu moja na mia moja, na mtu anayepata elfu moja na mia moja kwa kopo, makopo zaidi ya mia mbili kwa wiki, haazimi nauli ya kurudi nyumbani. Yeye aliazima siku ile ile.

Nimekaa na wenye biashara ndogo miaka mingi, wa genge, wa saluni, wa vitenge, wa juisi, na karibu kila mmoja anakuja na jina la ugonjwa tayari mdomoni: mtaji. Ni sawa na kusema "naumwa". Maumivu ni ya kweli, lakini yanaweza kuwa yanatoka kwenye bei, kwenye madeni, stoo, nyumbani, au kwenye mkopo wa mwaka jana. Kila chanzo kina dawa yake, na dawa ya kimoja inaweza kuwa sumu kwa kingine. Hapa chini nimepanga malalamiko kama watu wanavyoyasema wenyewe. Tafuta lako. Kama hujui lipi ni lako, anza na la kwanza.

Uwe na vitu vitatu mezani: daftari la mauzo na matumizi la wiki nne, hesabu ya mali iliyopo leo, na karatasi moja yenye majina ya wote unaowadai na wote wanaokudai. Kama huna daftari, anza leo jioni na urudi hapa baada ya wiki nne. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijawahi kuona biashara iliyowakanusha.

"Nauza kila siku, lakini hela siioni"

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na nitakaa hapa muda mrefu.

Chanzo cha kwanza ni bei iliyowekwa kwa kukadiria. Dada wa karanga alipata ile elfu moja mia tisa hivi: kilo ya karanga ni 3,500, kopo ni la gramu 400, kwa hiyo karanga za kopo moja ni 1,400. Kopo tupu ni 500. Jumla 1,900. Hesabu imenyooka, ila imeacha vitu vingi nje. Tulichukua gunia la kilo 100 alilonunua wiki ile tukalifuata hatua kwa hatua mpaka dukani, kwa bei za siku ile:

Karanga kilo 100: 350,000
Usafiri wa gunia kutoka sokoni: 10,000
Vibarua wawili wa kuchambua, kukaanga na kupepeta, siku mbili: 40,000
Mkaa: 25,000
Kusaga mashineni: 34,400
Makopo na vifuniko 215: 107,500
Lebo 215: 32,250
Bodaboda ya kusambaza madukani: 30,000

Jumla ni 629,150. Sasa angalia idadi ya makopo. Yeye alikuwa anapiga hesabu ya makopo 250, maana kilo 100 ukigawa kwa gramu 400 unapata 250. Lakini karanga zikichambuliwa zilizooza zinatoka, zikikaangwa maji yanatoka, zikipepetwa maganda yanatoka. Katika gunia lile zilibaki kilo 86. Kilo 86 ni makopo 215. Gawa 629,150 kwa 215, kopo moja limegharimu 2,926.

Anauza 3,000. Faida ya kopo ni shilingi 74. Gunia zima, baada ya kazi ya wiki nzima, limempa 15,850. Wiki ile makopo mawili yalipasuka na mengine matatu aliyatoa ya kuonjesha. Makopo matano ni 15,000. Zilibaki mia nane na hamsini, na bado hajajilipa hata senti.

Aliiangalia ile karatasi kwa muda. Halafu akasema taratibu, "Kumbe nilikuwa nawafanyia kazi wenye makopo."

Sasa fikiria angepewa ile milioni mbili. Angesaga magunia matatu kwa wiki badala ya moja, angechoka mara tatu, na angepata 47,550 kwa wiki kabla ya kuhesabu makopo yaliyopasuka na kabla ya marejesho. Mkopo unakuza kile kilichopo. Kama kilichopo ni hasara, unaikuza hasara.

Jinsi ya kupima: fuata mzigo mmoja tangu unanunua mpaka hela inaingia mkononi, andika kila shilingi iliyotoka, na gawa kwa idadi ya bidhaa ulizouza kweli. Usigawe kwa idadi uliyotarajia. Mapishi, ushonaji, juisi, sabuni, kote kuna upotevu, na upotevu ndio unaosahaulika kwanza. Kazi ya mikono yako nayo iwekee bei, hata kama unaifanya usiku watoto wakiwa wamelala. Kwa vitu vya msimu kama karanga, maharage na machungwa, bei ya kuuzia ipangwe ukikumbuka msimu wa ghali. Wengi hupanga bei baada ya mavuno, gunia likiwa rahisi, na likipanda wanaona aibu kumwambia mteja.

Dawa: pandisha bei, punguza gharama, au badilisha ukubwa wa kopo waziwazi na uandike gramu mpya kwenye lebo. Yeye alipandisha mpaka 3,500 na akaanza kununua makopo kwa jumla Kariakoo. Maduka mawili kati ya tisa yaligoma. Aliogopa sana wiki ile. Lakini kwa bei ya 3,500 gunia moja linatoa 123,350, kwa hiyo hata akiuza pungufu bado yuko mbali na 15,850.

Kuna njia moja ya kupunguza gharama ambayo nakataza kwa moyo wangu wote: kurudisha karanga zilizooza au zenye ukungu kwenye mzigo. Ukungu ule unaweza kuwa na sumukuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kukaanga. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye chakula iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kilo zilizotoka kwenye kuchambua ziingie kwenye gharama, zisiingie kwenye kopo.

Chanzo cha pili ni pochi moja. Hela ya duka na hela ya nyumbani zinakaa kwenye droo moja, au kwenye namba moja ya simu. Mtoto anahitaji daftari, unachomoa. Luku imekata, unachomoa. Kuna msiba, unachomoa. Hakuna ubaya wowote kuilisha familia kwa biashara, ndiyo kazi yake. Ubaya ni kutojua imekula kiasi gani. Fungua laini ya pili ya biashara peke yake, au omba Lipa Namba ili malipo ya wateja yaingie mahali pake. Jipangie posho ya wiki, hata kama ni elfu ishirini, jilipe siku moja inayojulikana, na ikiisha imeisha. Mwezi wa kwanza utateseka. Mwezi wa pili utaona biashara inaweza kukulipa shilingi ngapi kweli.

Chanzo cha tatu ni mali iliyolala. Hela ipo, ila imevaa nguo nyingine: viatu namba 45 ambavyo havina mnunuzi, vitenge vya sikukuu iliyopita, katoni za losheni ulizochukua kwa sababu muuzaji wa jumla alisema bei itapanda. Zungukia rafu na uweke alama kwenye kila kitu ambacho hakijasogea kwa siku 60, kisha jumlisha bei ulizonunulia. Nimeona duka ambalo mwenyewe alikuwa anaomba mkopo wa laki nane huku rafu zake za juu zina bidhaa za laki tisa zenye vumbi. Ziuze kwa bei ya kununulia, au hata chini yake. Hasara hiyo imeshatokea tayari. Ukizigeuza kuwa sukari na mafuta ya kula, hela itaanza kuzunguka tena.

Chanzo cha nne ni upotevu, na hapa ndipo watu hukimbilia kumshuku kijana wa dukani. Pima kabla ya kumgombeza. Chukua mali uliyokuwa nayo tarehe 1, jumlisha ulichonunua mwezi mzima, toa mali iliyobaki tarehe 30, vyote kwa bei ya kununulia. Mfano: 1,200,000 jumlisha 900,000 toa 1,100,000 ni 1,000,000. Hiyo ndiyo mali iliyotoka. Kama unaongeza asilimia 20 juu ya bei ya kununulia, mauzo yalitakiwa yawe 1,200,000. Sasa hesabu iliyoingia kwenye droo, kwenye simu na kwenye daftari la madeni. Ukipata 1,050,000, kuna 150,000 haipo. Inaweza kuwa wizi. Inaweza pia kuwa panya, mzani, chenji iliyozidi, bidhaa zilizoharibika, au wewe mwenyewe uliyechukua mafuta na sabuni za nyumbani bila kuandika. Mara nyingi nimekuta ni hili la mwisho.

"Oda zinaongezeka, na mimi nazidi kukwama"

Hii inawachanganya watu kwa sababu inafanana na mafanikio. Bei iko sawa, faida ipo kwenye karatasi, na bado huna hela ya kununua gunia linalofuata. Chanzo huwa ni siku. Hela yako inakaa nje siku nyingi kuliko unavyodhani.

Hesabu siku. Dada wa karanga, baada ya kurekebisha bei, alipata duka kubwa lililotaka makopo yake. Leo ananunua karanga taslimu. Siku tatu za kutengeneza. Makopo yanakaa kwenye rafu kama siku kumi. Halafu duka linalipa siku 30 baada ya hapo. Hizo ni siku 43, zaidi ya wiki sita. Kama anatengeneza gunia moja kila wiki, kabla hela ya gunia la kwanza haijarudi anakuwa ameshatoa hela ya magunia saba. Saba mara 629,150 ni 4,404,050. Hiyo ndiyo hela inayohitajika ili oda ile imfae, na yeye alikuwa na laki saba.

Dawa ni kufupisha siku kabla ya kukopa. Omba kulipwa nusu wakati wa kupokea mzigo. Peleka makopo machache mara nyingi, usijaze rafu mara moja. Zungumza na muuzaji wako wa karanga akupe mali kauli ya wiki moja: mzigo uchukue leo, ulipe Ijumaa ijayo. Mali kauli ni mtaji usio na riba, na inapatikana kwa mtu mmoja tu, yule ambaye akisema Ijumaa huonekana Ijumaa. Hata kama huna yote, nenda na nusu, na uso wako. Ukizima simu mara moja, umeifunga njia hiyo pengine kwa miaka.

Na kubali kwamba oda nyingine hukataliwa. Yeye alilikubalia duka lile makopo 40 kwa wiki badala ya 200, na aliyobaki akaendelea kuyapeleka kwenye maduka ya mtaani wanaolipa papo hapo.

Madeni ya mtaani ni ndugu wa tatizo hili. Mteja wa mkopo anayelipa mwisho wa mwezi si mbaya, ila awe na kikomo kilichoandikwa na tarehe. Kudai ni kazi, ipangie siku. "Mama, shikamoo. Leo ni tarehe tano, nilikuwa napitia daftari, naona ile elfu kumi na nne bado. Nikufuate jioni au utanitumia?" Kwa heshima, kwa kiasi kamili, na kwa swali linalohitaji jibu. Deni linalodaiwa kwa kununa halilipwi.

"Nimekopa, na sasa naufanyia kazi mkopo"

Mikopo inayoitwa kausha damu imepewa jina hilo na wale waliokauka. Chukua mfano wa namna inavyofanya kazi. Unaomba 500,000, inakatwa 20,000 ya fomu, unapokea 480,000. Unarejesha 22,000 kila siku kwa siku 30. Jumla umerudisha 660,000. Umelipa 180,000 kwa kutumia 480,000 mwezi mmoja, na hata huo mwezi hukukaa nazo, maana ulianza kuzirudisha kesho yake.

Ipime kwa biashara yako. Dada yetu, kwa bei mpya, anapata 123,350 kwa wiki. Kwa siku ni kama 17,600. Marejesho ni 22,000. Kila siku inayokwisha angekuwa anakula mtaji wake 4,400 ili alipe, na siku ya 30 faida yote ya mwezi ingekuwa imekwenda kwa mkopeshaji, bila yeye kujilipa hata senti. Ndiyo maana watu hukopa wa pili kuulipa wa kwanza. Hawajakosa nidhamu. Hesabu yenyewe haikuwezekana tangu mwanzo.

Kipimo changu kabla ya kusaini chochote: faida ya siku, ukishatoa posho yako, iwe angalau mara mbili ya marejesho ya siku. Na muda wa mkopo uendane na kitu unachonunua. Mkopo wa mwezi ununue mzigo unaoisha ndani ya mwezi. Mashine ya kusagia itakayojilipa kwa mwaka na nusu isinunuliwe kwa mkopo wa siku 30, hata mkopeshaji akiwa mpole kiasi gani.

Kama tayari uko ndani, acha kukopa juu yake. Andika madeni yote, panga yenye riba kali juu, na nenda kwa mkopeshaji kabla ya siku ya kushindwa, ukiwa na kiasi unachoweza kulipa na tarehe. Tanzania ina Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na wakopeshaji wanatakiwa wawe na leseni chini ya Benki Kuu. Uliza leseni. Uliza mkataba wenye jumla ya kurejesha, na nakala yako ukae nayo. Anayekataa kukupa nakala ameshakujibu.

Pa kukopa kwa unafuu papo. Kuna VICOBA, vikundi vya mtaani vya kuweka na kukopa, ambako unakopa kulingana na hisa zako na faida ya riba inarudi kwenu wenyewe mwisho wa mzunguko. Kuna SACCOS, yaani vyama vya ushirika vya akiba na mikopo. Na kuna mikopo ya halmashauri isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 na ikarejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya. Anzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, mkiwa na kikundi kilichosajiliwa na kinachofahamiana kweli. Nasisitiza kufahamiana. Kikundi kilichokusanywa kwa ajili ya fomu hugawana hela getini, na deni huwabakia wawili watatu wenye aibu.

"Nilianza vizuri, ndani ya miezi mitatu mtaji umekata"

Angalia hela ya mwanzo ilikwenda wapi. Nimeona mtu mwenye milioni tano akilipa kodi ya fremu ya miezi sita, kilemba (hela ya kumpisha) cha aliyetoka, rafu za vioo, bango la taa na rangi, akabakiwa na laki nane za mali. Duka lilipendeza. Mteja aliingia, akaulizia vitu vitatu, akakosa viwili, hakurudi.

Kama bado hujaanza, igeuze: mali kwanza, mahali baadaye. Uza kwa oda, kwa meza, kwa kona ya duka la mtu mwingine kwa makubaliano, mpaka ujue bidhaa tatu zinazotoka zaidi. Kama umeshaingia, tafuta wa kushirikiana naye fremu na mgawane kodi kabla haijaisha. Fundi simu na muuza vocha wanaishi vizuri chini ya bati moja.

"Natangaza kila siku, hawanunui"

Watu hulaumu tangazo. Kabla ya kulilaumu, andika namba nne kwa wiki mbili: waliouliza, walioendelea baada ya kujua bei, waliolipa, waliorudi tena. Namba inapoporomoka ndipo ugonjwa ulipo.

Hakuna anayeuliza kabisa. Hapa kweli tatizo ni tangazo, au unaowatangazia sio. Picha za kuchukua kwa wengine huonekana, mteja ameziona kwenye kurasa kumi. Piga picha kopo lako mwenyewe, dirishani asubuhi, mkono wako ukiwa umelishika. Tangaza pale wanunuzi wako walipo. Siagi ya karanga inanunuliwa na mama mwenye mtoto wa shule, kwa hiyo lile kundi la WhatsApp la wazazi, kwa ruhusa ya msimamizi, linaweza kuzidi ukurasa wa Instagram wenye wafuasi elfu tano waliokuja kwa ajili ya picha.

Wanauliza wengi, wakijua bei wanapotea. Angalia kwanza kama unaficha bei. Ile tabia ya "bei njoo inbox" inafukuza watu. Mnunuzi wa kawaida anaona aibu kuuliza bei ambayo huenda hataiweza, kwa hiyo anapita. Andika bei. Andika ulipo kwa kutaja kituo cha daladala, na gharama ya kumfikishia kwa bodaboda kwa maeneo unayouza zaidi. Kama bei ilikuwa wazi na bado wanapotea, basi hawajaona kwa nini yako ni 3,500 wakati nyingine ni 2,800. Waambie kwa maneno ya jikoni: haijachanganywa na mafuta mengine, karanga zimechambuliwa kwa mkono, gramu ni 400 kamili.

Wanakubali bei, hawalipi. Huu ni woga, na wana haki nao. Watu wametapeliwa sana kwa "tuma hela kwanza". Tumia Lipa Namba inayotokea na jina la biashara, ili anapoweka namba aone jina lile lile lililo kwenye lebo. Kwa mteja mpya wa karibu, mpe nafasi ya kulipa akipokea. Na jibu ujumbe mapema. Aliyeuliza saa mbili asubuhi ukamjibu saa kumi jioni ameshanunua kwa mwingine.

Walilipa mara moja, hawakurudi. Acha kutangaza kabisa, rudi jikoni. Mara nyingi bidhaa inabadilika kila mzigo: leo chumvi imezidi, juzi ilikuwa laini, leo ina chenga. Pima chumvi kwa mzani, kaanga kwa muda ule ule, weka kopo moja la kila mzigo lenye tarehe ili mteja akilalamika ulionje lile lile alilokula. Mafuta kupanda juu ya kopo ni kawaida kwa karanga tupu, ila usipoandika "koroga kabla ya kula" mteja ataamini imeharibika. Na wapigie simu watano ambao hawakurudi. Uliza swali moja tu, "Ile ya mara ya mwisho ilikuwaje?", kisha nyamaza usikilize.

"Maduka makubwa yananikataa"

Huwa ni karatasi. Jina la biashara lililosajiliwa BRELA (wakala wa usajili wa biashara), TIN (namba ya mlipakodi) kutoka TRA (mamlaka ya mapato), leseni ya biashara ya halmashauri, alama ya ubora ya TBS (shirika la viwango) na msimbomilia, ile mistari inayosomwa na mashine, kwenye lebo (ile inayotolewa na GS1 Tanzania huanza na 620). Tangu 2019 usajili wa vyakula ambao zamani ulikuwa TFDA (iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa) uko TBS. Mjasiriamali mdogo apitie SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo. Wao hufundisha usindikaji, na barua yao ya utambulisho humfungulia mdogo mlango wa TBS. Kinachokwamisha wengi ni eneo la uzalishaji: jiko lile lile la familia, bila chumba cha peke yake. Tenga chumba kabla ya kuchapa lebo elfu mbili.

"Kodi inanikuta sina"

Makadirio ya TRA, yaani kodi ya mwaka unayokadiriwa, hulipwa kwa awamu nne: Machi, Juni, Septemba na Desemba. Tarehe zinajulikana, kwa hiyo gawanya kiasi cha mwaka kwa wiki 52 na kitenge kila Ijumaa kwenye laini nyingine. Ukiwa na daftari, unaweza kujadiliana juu ya makadirio. Bila daftari, unapangiwa.

"Nimefanya yote, bado"

Ipo hali hiyo. Bei imehesabiwa, pochi zimetengwa, umetangaza vizuri, na kwa miezi mitatu mfululizo daftari linaonyesha hasara. Barabara imehamishwa, au soko limehama, au bidhaa imepitwa. Hapo kufunga ni uamuzi wa kibiashara kama mwingine, na kunafanywa mapema, ukiwa bado una mali ya kuuza.

Uza friji na mzani wakati bado hujabanwa, maana mnunuzi hujua sura ya mtu aliyebanwa. Lipa wa mali kauli kwanza, hao ndio watakaokuanzisha tena. Mweleze mwenye fremu kabla ya kodi inayofuata. Hifadhi namba za wateja. Kisha andika barua TRA kuwajulisha kuwa biashara imefungwa, na uijulishe BRELA na ofisi ya biashara ya halmashauri. Wengi huvuta tu mlango wakaondoka, na baada ya miaka miwili, wakitaka kuanza upya, wanakuta makadirio yameendelea kuhesabiwa juu ya duka ambalo halipo. Chukua nakala ya barua iliyogongwa muhuri, uiweke pamoja na daftari.